Brashi ya nailoni au ya manyoya: ipi ya kupigia povu huku kwetu kwenye baridi?

Mzee mmoja wa Tukuyu, mteja wangu wa siku nyingi, aliingia saluni mwezi wa nne, mvua ikiwa bado haijachoka, mkononi ana kifurushi cha gazeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hebu nusa hii."

Nikanusa. Ilikuwa brashi yake ya kunyolea, na ilinuka kama godoro lililonyeshewa. Pale nywele zinapoingia kwenye mpini kulikuwa na vidoadoa vyeusi. Kuvu. Brashi yenyewe ilikuwa ya nywele za nguruwe, nzuri tu, zawadi ya mwanawe aliyefanya kazi ng'ambo, na kwa povu mzee hakuwa na lalamiko hata moja. Ila Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kuna wiki nzima ukungu unashuka asubuhi, unapumzika mchana, unarudi jioni. Brashi ya namna ile ikilowa huko haipati hata siku moja ya kukauka mpaka ndani.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza brashi ipi inatoa povu zuri, simjibu moja kwa moja. Namuuliza anaishi wapi, ananyoa mara ngapi kwa wiki, na akimaliza anaiweka wapi. Povu zote zinatoa, hata ile ya bei ya chini kabisa ukiijulia. Ugomvi unaanza baada ya povu. Nasema hivi nikiwa kinyozi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, niliyezaliwa Makete kwenye umande unaoganda na kujifunza kazi Iringa kwenye upepo mkavu, kwa hiyo brashi nimezitesa katika hali zote tatu.

Tunazungumzia brashi zipi

Ya nguruwe ndiyo iliyozoeleka katika za asili. Nywele ni nene na ngumu, jamii ile ile inayotumika kwenye brashi nzuri za kupakia rangi ukutani. Ya pili ni ya mnyama wa Ulaya na Asia ambaye kwenye boksi huandikwa *badger*. Mimi namwita baja, na wateja wangu hawaachi kuuliza kama ana uhusiano na bajaji. Ni wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Nywele zake zina mistari: ncha nyeupe, katikati nyeusi, chini nyeupe tena au rangi ya krimu. Ya tatu ni ya singa za farasi, za shingoni na mkiani, ambazo hukatwa bila kumuua mnyama. Huku kwetu ni adimu na tabia yake iko katikati ya hizo mbili, kwa hiyo nitaipita.

Upande wa pili kuna za kiwandani. Sokoni tunaziita zote "za nailoni", ingawa nyingi za siku hizi ni za plastiki ya jamii ya poliesta. Kama picha uliyonayo ni ya brashi ngumu inayochoma kama fagio la chelewa, hizo ni za zamani. Nyuzi za sasa ni nyembamba na zimechongoka kuelekea nchani, ukijipitishia shavuni macho yamefumbwa utadhani ni mkia wa paka.

Povu lenyewe

Tofauti yote inatokana na maji. Unywele wa mnyama unakunywa maji, nayo yanauvimbisha na kuulainisha kama yanavyofanya kwa nywele za kichwa chako. Uzi wa plastiki haunywi kitu. Maji yanakaa katikati ya uzi na uzi, yameshikiliwa na msongamano tu, na ukibonyeza kidogo yanatoka yote.

Kutokana na hilo moja, mengine yanafuata. Brashi ya nguruwe lazima uiloweke kwanza, dakika tatu hadi tano kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, la sivyo inakukwaruza halafu inakunywa maji ya sabuni mpaka povu linakufa shavuni. Baja inatosheka na dakika moja au mbili. Nailoni unaichovya, unaikung'uta, unaanza. Asubuhi ya Jumatatu, daladala ya Uyole inakupigia honi nje, dakika hizo si chache.

Lakini nailoni nayo ina ujanja wake, na hapa ndipo wengi wanaponunua, wanajaribu mara moja, wanaitupa. Wanaichovya, wanaipeleka kwenye sabuni ikiwa inachuruzika, maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko na povu linakuwa mapovu makubwa makubwa kama ya kufulia. Ikamue kwanza. Ikamue kabisa, mpaka ibaki na unyevu tu. Isugue juu ya sabuni kwa sekunde kama 20 hivi, halafu rudisha maji kwa ncha, tone kwa tone, huku unazungusha kwenye bakuli au shavuni. Povu linalotakiwa ni zito, linang'aa, halina matundu, mfano wa mtindi uliopigwa vizuri. Ukiona matundu, maji yamezidi. Ukiona limekuwa kama chaki na linakauka kabla hujashika wembe, maji ni machache.

Kwa sabuni ya tyubu, ile krimu laini, nailoni haina mpinzani. Kipande kidogo cha ukubwa wa harage kinatosha uso mzima, maana brashi haifichi kitu tumboni. Baja inakula sabuni. Unaweka mara mbili ya ile, nusu inabaki ndani ya nywele, na unaiosha inaondoka na maji. Mwenye baja atakwambia kwamba hiyo ndiyo raha yake: akimaliza kunyoa mkondo wa kwanza, brashi bado ina povu la mkondo wa pili na wa tatu, tena la moto. Hajakosea. Ila tyubu ndiyo inayolipia.

Kwa sabuni ngumu ya kunyolea, ya kijiti au ya kwenye kibakuli, nguruwe ndiye mfalme. Ugumu wa nywele zake unaingia kwenye sabuni na kuiparua, wakati baja laini inateleza juu juu. Nailoni ngumu kiasi inaweza. Nailoni laini sana inajikunja na kulala. Na nguruwe ana jambo ambalo plastiki hailijui: anaboreka. Kadiri unavyomtumia, ncha zake zinapasuka mbili mbili, tatu tatu, na brashi iliyokuwa inachoma wiki ya kwanza inakuwa laini nchani na ngumu kiunoni. Hesabu mara kumi na tano hadi ishirini za kunyoa kabla hujamhukumu. Nailoni siku ya kwanza na mwaka wa tatu ni ile ile.

Nina rafiki ambaye hupigia povu sabuni ya kuogea kwa brashi na kuapa kwamba hakuna tofauti. Povu analipata, ndiyo, ila linamkauka kabla hajafika kidevuni. Sabuni za kunyolea zina viungo vya kulifanya povu lisimame. Za kuogea zimetengenezwa zioshwe ziondoke. Brashi gani itamwokoa? Hakuna.

Neno kuhusu vipele, kwa sababu ndevu zetu zina mviringo. Vipele vya kidevuni vinatokana na unywele uliokatwa kurudi ndani ya ngozi, na brashi, iwe ya baja au ya plastiki, haivitibu. Inachofanya ni kunyanyua ndevu zilizolala na kuziloweka mpaka zilainike, ili wembe upite mara moja badala ya tatu. Ukiona brashi mpya ya nguruwe inakuacha mwekundu hata kabla ya wembe, usikandamize. Zungusha kwa ncha tu, au nenda juu na chini kama unapaka rangi.

Baridi

Mwezi wa sita na wa saba Mbeya, tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, na maji ya bombani saa kumi na mbili asubuhi yanauma meno. Njombe ni zaidi, na kwetu Makete ndiyo usiseme. Hapo ndipo baja inapojitetea vizuri kuliko popote: maji iliyoyanywa ni ya moto, na joto lile linakaa dakika kadhaa. Povu la nailoni linapoa upesi. Dawa yake ni kuweka bakuli la povu ndani ya beseni lenye maji ya moto, kazi ya sekunde mbili, na tofauti inabaki ndogo sana.

Usimimine maji yanayochemka kwenye brashi yoyote. Najua Mbeya maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, karibu na 94, lakini hata hizo 94 zinatosha kuilegeza gundi inayoshika nywele, kuziharibu za mnyama na kuzikunja za plastiki. Kama kidole hakivumilii, brashi nayo isiingie.

Kukauka, na hapa ndipo ninapoegemea

Brashi ya nailoni niliyoitumia saa moja asubuhi, saa nane mchana ni kavu, iwe kiangazi au masika. Ya nguruwe inataka siku nzima. Baja yenye nywele zilizosongamana inaweza kupita siku moja na bado katikati, karibu na gundi, kuna unyevu ambao kidole hakiugundui.

Iringa kati ya mwezi wa tano na wa kumi, upepo unavuma, hewa kavu, midomo inapasuka. Huko nguruwe na baja wanakauka bila neno na mwenyewe nilitumia nguruwe miaka mingi. Mbeya mjini kiangazi vile vile. Lakini kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tano, na ukipanda kuelekea Uporoto au ukashuka Rungwe, nywele za mnyama zinahitaji ulezi: kukung'uta kwa nguvu, kufuta kwenye taulo, kuiweka dirishani penye hewa na si kwenye kikombe au kabati la bafuni, na bora uwe na mbili za kupokezana. Wapo wanaoitundika kichwa chini wakiamini maji yatachuruzika. Ukishaikung'uta vizuri hayo hayana tofauti ya maana. Hewa ndiyo inayokausha.

Kwa hiyo anayenyoa kila siku Tukuyu au Njombe, namwambia anunue nailoni tu na maisha yaendelee. Anayenyoa Jumamosi kwa Jumamosi ana nafasi ya kuchagua, brashi inapata wiki nzima ya kupumzika. Mwalimu wa Mafinga mwenye sabuni ngumu na subira, nguruwe atamfurahisha. Na baja nampa mtu anayependa kitu kwa ajili ya kitu chenyewe, kama wengine wanavyopenda saa ya kutia ufunguo, na ambaye bei haimshtui, maana baja ya daraja la juu huuzwa mara kadhaa ya bei ya nailoni nzuri, na povu halitakuwa zuri mara kadhaa.

Ukiwa kinyozi

Hapa sina mizani. Saluni ni nailoni, au usitumie brashi kabisa. Brashi inayopita kwenye mashavu ya watu kumi inahitaji kuoshwa na kuuliwa wadudu baada ya kila mmoja, na dawa ya klorini tunayotumia inaila nywele ya mnyama. Mara chache tu na inakuwa dhaifu, inakatika. Plastiki inavumilia, kisha inakauka kabla zamu haijaisha. Wateja wawili watatu wanakuja na brashi zao mfukoni, na hao ndio ninaowaheshimu kuliko wote.

Anayeona namtisha bure, kuna historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nywele za baja ziliadimika na viwanda vikageukia singa za farasi za bei nafuu kutoka Asia, nyingine zikapakwa rangi zifanane na baja. Ambazo hazikusafishwa vizuri zilibeba kimeta. Ndiyo, kimeta hicho hicho kinachoua ng'ombe. Askari na raia Uingereza na Marekani waliugua kutokana na kunyoa, baadhi wakafa, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani. Brashi za leo zinasafishwa kiwandani, hofu hiyo haikuhusu. Ila ukirithi brashi ya manyoya iliyokaa sandukuni tangu miaka hiyo, iweke kabatini kama ukumbusho, uso wako usiipe.

Nailoni ilichelewa kuja. Matumizi yake ya kwanza ya kibiashara yalikuwa nywele za mswaki, Marekani, mwaka 1938. Kabla ya hapo watu walipiga mswaki kwa nywele za nguruwe.

Na nguruwe ananikumbusha jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Muislamu anayetaka kuepuka nguruwe asome boksi kwa makini: *boar* ni nguruwe, na *bristle* peke yake, bila maelezo mengine, mara nyingi ni yeye pia. Nimeshaona kijana anarudisha brashi dukani baada ya mwezi mzima, aliyemuuzia amenyamaza tu. Nailoni inamaliza mjadala huo. Inamaliza pia mjadala wa anayemhurumia baja, kwa sababu nywele zile, nyingi zinatoka China, zinapatikana kwa kumuua, na baadhi ya watengenezaji wa Ulaya wameshaachana nazo.

Dukani usidanganyike

Miaka ya nyuma nilinunua brashi mjini, duka silitaji, kwa maneno kwamba ni baja halisi. Mistari ilikuwepo, nyeupe na nyeusi. Povu la kwanza likatoka kijivu, la pili kijivu, mpaka ile mistari nikaipakaza shingoni yote. Walikuwa wamempaka nguruwe rangi.

Kuna kipimo ambacho hakidanganyi. Omba ruhusa, vuta unywele mmoja, brashi mpya haikosi mmoja unaotaka kutoka wenyewe, na uuchome kwa kiberiti. Wa mnyama utanuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa kwa ajili ya supu na utabaki jivu linalosagika vidoleni. Wa plastiki utayeyuka na kuacha kitone kigumu. Kipimo hiki hakitenganishi nguruwe na baja, lakini hapo macho yanatosha: nywele ya nguruwe ni nene kuliko ya baja, unaiona hata bila miwani. Muuzaji akikataa usichome, umeshapata jibu lako.

Kisha angalia gundi. Shika nywele kwa vidole na uvute taratibu. Mbili tatu zikitoka si kitu, hata brashi nzuri hunyonyoka mwanzoni, ila kishada kizima kikija mkononi irudishe rafuni. Mpini wa mti unapendeza lakini ukilowa kila siku unapasuka. Chukua wa plastiki ngumu. Upana wa kichwa mahali kinapofungwa, milimita 22 hadi 24, unatosha uso wa mtu mzima. Kubwa zaidi ya hapo ni sabuni inayopotea.

Na ukishanunua, usiilaumu kwa makosa ya maji. Maji yenye chokaa yanaua povu la brashi yoyote. Yanashikana na sabuni na kuwa ule utando mweupe unaobaki kwenye beseni. Upande wa Songwe, kwenye mawe ya chokaa yanayochimbwa kwa ajili ya saruji, nimewahi kupiga povu la kuona aibu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana chokaa. Kikombe kimoja cha kuloweka na kupigia povu kinabadilisha kila kitu, na huku kwetu mvua hatuinunui.

Mzee wa Tukuyu nilimchagulia nailoni yenye mpini mzito, maana alisema nyepesi zinamfanya ajione anapaka rangi kucha. Wiki ya kwanza alinipigia simu kulalamika kwamba inatema maji, nikamwambia aikamue. Hajapiga tena. Ile ya nguruwe tuliichemshia chumvi, tukaianika juani siku tatu, harufu ikagoma kutoka. Sasa anapakia kiwi kwenye viatu vya kanisani, na anasema kwa kazi hiyo haijawahi kutokea nyingine.